Swema: mtoto aliyefukiwa akiwa hai, na anachotufundisha kuhusu kulea watoto wastahimilivu



Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya historia ya Kanisa la Afrika Mashariki, ila kwenye parokia zetu nyingi hatajwi. Hakuwa askofu wala padre. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka 10 hivi, Myao, na njia yake ya mateso ilipita hapa Kilwa. Anaitwa Swema.

Nina sababu ya kumleta. Siku hizi kwenye semina za vijana, na hata kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya, tunaongea sana kuhusu watoto kuwa wastahimilivu. Na hakosi mtu wa kusema kwamba watoto wa sasa wamedekezwa, kwamba sisi tulichapwa, tulilala njaa, tukatembea peku kwenda shule, na ndiyo maana tumekomaa. Yaani shida yenyewe ndiyo mwalimu. Wengi tunatikisa kichwa kukubali. Sasa tumsome Swema, aliyepata shida kuliko sisi wote tukijumlishwa, halafu tujiulize kama ni shida iliyomsimamisha.

Kilwa ya wakati ule

Ukifika Kilwa Kivinje leo utakuta mji uliotulia. Kuna majumba ya mawe ya zamani, mengine yamebaki kuta tu, kuna mikoko, kuna mashua na watu wanaoanika samaki. Katikati ya karne ya 19 palikuwa na pilika nyingine kabisa. Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa katika pwani hii ya kusini. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, mwendo wa majuma mengi kwa miguu, ikileta pembe za ndovu na watu. Hesabu za forodha za wakati huo zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 zaidi ya watu 90,000 walipakiwa Kilwa kama watumwa, wengi wao wakipelekwa Zanzibar. Swema ni mmoja wa watu wa miaka hiyo.

Kabla hatujaendelea, naomba tuwekane sawa. Habari hii isisomwe kama kesi ya dini moja dhidi ya nyingine. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice, mtu wa taifa lililojiita la Kikatoliki, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwani. Wazungu waliagiza, wafanyabiashara wa pwani walinunua, na huko bara jirani alimuuza jirani. Mikono iliyoshika minyororo ilikuwa mingi. Na leo wapo majirani zetu Waislamu wa Kilwa na Lindi ambao ni wajukuu wa waliouzwa, siyo wa waliouza.

Nyumba iliyobomoka kidogo kidogo

Swema alizaliwa katika nchi ya Wayao, mashariki ya Ziwa Nyasa, miaka ya 1850. Utoto wake ulianza vizuri. Alikuwa na baba, mama na ndugu, na walikuwa na chakula. Shika jambo hili, tutalirudia baadaye: mtoto huyu alipendwa kabla hajaumizwa.

Halafu mambo yakaanza kufuatana. Baba yake aliuawa na simba. Njaa ikaingia. Ndugu zake wakafa. Wakabaki wawili, Swema na mama yake. Mama akahama kijiji, akaenda kuanza upya mahali ambapo hakuwa na ukoo wa kumtetea. Ili waishi mpaka mavuno, akakopa nafaka kwa jirani. Mavuno hayakutosha kulipa deni.

Kesi yenyewe ilikuwa ndogo, magunia ya nafaka tu. Lakini msafara wa wafanyabiashara ulipopita hapo kijijini, mdai aliona njia rahisi ya kupata chake. Akamchukua Swema badala ya deni, akamuuza kwa kitambaa. Mjane asiye na kaka wala mjomba karibu, nani angemsemea?

Mama aliyekataa kubaki

Kinachofuata ndicho kinachonigusa kuliko vyote. Mama hakuwa ameuzwa. Deni lilikwisha kulipwa, na yeye alikuwa huru kubaki kijijini. Lakini alimwendea mkubwa wa msafara akaomba achukuliwe naye pia, awe mtumwa, abebe mzigo, mradi asitengane na mwanawe. Akakubaliwa. Wakamtwika pembe ya ndovu.

Tukiwa seminarini tunasoma sana juu ya Neno aliyetwaa hali ya mtumwa, katika barua ya Mtakatifu Paulo kwa Wafilipi sura ya pili. Mama huyu hakuwahi kuisoma barua hiyo. Hakuwa Mkristo. Lakini alitenda kitu cha namna hiyohiyo: alishuka kwa hiari mahali alipokuwa mtoto wake.

Njia ilikuwa ndefu kuliko mwili wake. Kwenye misafara ile asiyeweza kubeba hakuwa na thamani, na asiye na thamani hakupewa chakula. Mama alidhoofika siku hadi siku, mpaka siku moja hakuweza kuinuka. Akaachwa njiani afe. Swema alimng'ang'ania, akataka kubaki afe naye palepale. Wakamtoa kwa viboko, msafara ukaendelea.

Hivyo ndivyo mtoto huyu alivyofika Kilwa. Hakuwa na mtu hata mmoja duniani.

Mkeka na mchanga

Kutoka Kilwa alipakiwa kwenye jahazi kwenda Zanzibar. Watu walipangwa kwa kubanana, jua juu yao, maji na chakula kidogo. Walipofika Unguja, Swema alikuwa amekwisha kabisa. Huzuni na njaa vilikuwa vimemmaliza. Kwa mfanyabiashara alikuwa hasara: hauziki, na kumlisha ni kuongeza hasara. Akaviringishwa kwenye mkeka mkuukuu, akapelekwa makaburini, akafukiwa kwa mchanga kidogo. Alikuwa bado anapumua.

Kijana mmoja aliyekuwa akipita huko alisikia sauti ya kuugua. Akasogea, akafukua, akamkuta mtoto hai. Akambeba mpaka nyumba ya wamisionari Wakatoliki.

Kijana huyo alitoka kisiwa cha Réunion. Ndicho kile kile kilichoitwa Bourbon, kimojawapo cha visiwa ambavyo mashamba yake yalikula watumwa wa Kilwa kwa miaka mingi, mpaka utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848. Sina maneno mengi juu ya hili. Naona tu kwamba Mungu hachagui mikono kwa kuangalia historia ya inakotoka.

Nyumba ya masista

Misheni ile ya Zanzibar ilianza Desemba 1860, alipofika Padre Armand Fava pamoja na mapadre wenzake na Masista Mabinti wa Maria kutoka Réunion. Walifungua hospitali, wakawapokea watoto waliookolewa utumwani, wakawafundisha kusoma, kazi za mikono na katekisimu. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaichukua misheni chini ya Padre Antoine Horner. Ndio hao waliokwenda kuanzisha Bagamoyo mwaka 1868.

Swema alipokelewa hapo kati ya mwaka 1865 na 1866. Masista hawakuanza kwa kumhubiria. Walianza kwa kumwosha, kumlisha kidogo kidogo, kumlaza mahali pakavu. Mtoto aliyefukiwa hai hajui tena kama mikono inayomgusa ni ya kumtoa au ya kumfukia. Ilichukua muda. Polepole alianza kuamini kwamba hapa hapigwi, na kwamba kesho sista yuleyule atakuwepo.

Baadaye Swema aliwasimulia wamisionari maisha yake. Padre Horner aliyaandika kwa Kifaransa, na mwaka 1870 yakachapwa kitabu mjini Paris. Hapa inafaa tuwe waangalifu kidogo. Sauti ya Swema tunaisikia kupitia kalamu ya mmisionari aliyetaka kuwagusa Wakristo wa Ulaya waisaidie misheni. Wanahistoria, kama Edward Alpers aliyeichapisha habari hii kwa Kiingereza mwaka 1983, wameisoma kwa kuzingatia hilo, na bado wameona ndani yake ushuhuda adimu wa msichana wa Kiyao juu ya njia ya Kilwa. Watoto maelfu walipita njia ile. Ambao masimulizi yao tunayo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Sala iliyokwama kooni

Swema alipokuwa akijifunza sala, alikwama mahali pamoja. Ni pale kwenye Baba Yetu tunapoomba tusamehewe kama tunavyowasamehe waliotukosea. Sisi sehemu hiyo tunaipita mbio. Yeye kila akifika hapo alimwona mama yake aliyeachwa njiani, na yule aliyemwacha.

Halafu siku moja mtu aliyejeruhiwa vibaya aliletwa kwenye hospitali ya misheni. Swema alimtambua. Alikuwa ni yule yule, mkubwa wa msafara. Mtoto alitetemeka. Mwili wake ulimkumbuka yule mtu kabla akili haijasema lolote. Sista alikuwa pamoja naye. Swema alipambana, alilia, alisali. Mwishoni akaweza kumkaribia na kumhudumia yule mgonjwa, na kumwombea. Baada ya hapo alibatizwa.

Naomba mtu asichukue kisa hiki akamwendea mtoto aliyenyanyaswa jana akamwambia kwamba Swema alisamehe, na wewe samehe. Hapana, siyo hivyo. Angalieni mpangilio wa mambo. Kwanza Swema alitolewa mchangani. Akalishwa, akapona. Akapewa mahali salama ambapo yule mtu hakuwa na nguvu juu yake tena. Siku walipokutana, mwenye kulala kitandani hoi alikuwa yule bwana, na Swema alikuwa amesimama na watu wake. Msamaha ulikuja mwishoni mwa njia, ukiwa huru. Kumsukuma mtoto asamehe wakati bado yuko mikononi mwa anayemuumiza ni kumfukia mara ya pili.

Kwa hiyo, ni nini kilichomsimamisha?

Turudi kwenye swali letu. Je, ni shida? Shida ilimfikisha kwenye mkeka, makaburini. Shida peke yake ingemwua, kama ilivyowaua wengi wa Kilwa ambao majina yao hatuyajui.

Kilichomsimamisha ni watu. Mama aliyempenda mpaka kubeba pembe kwa ajili yake, ili hata mwisho ulipofika, mtoto awe anajua kwamba aliwahi kuwa wa mtu. Kijana aliyesimama na kusikiliza badala ya kupita. Masista waliokuwepo leo, kesho na keshokutwa.

Sayansi nayo imefika hapohapo kwa njia yake. Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti walianza kuwafuatilia watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka huo, na mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia kwa miongo kadhaa mpaka wakawa watu wazima. Wapo waliokulia kwenye umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi na maradhi ya akili nyumbani. Karibu theluthi moja ya hao waliokuwa hatarini walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, wanaojali na wanaofanya kazi zao vizuri. Alipotafuta sababu, jambo moja lilijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea. Anaweza kuwa bibi, mjomba, mwalimu au mtu wa kanisani. Siyo lazima awe mzazi.

Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye sisi tuliosoma falsafa hatumkwepi, anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya ujasiri ni kustahimili, kuliko kushambulia. Lakini ukimsoma kwa makini, kustahimili kwake siyo kuwa gogo. Ni roho kushikamana na lililo jema wakati mwili unaumia. Sasa mtoto atashikamana na jema gani kama hajawahi kuonyeshwa? Lazima mtu amwonyeshe kwanza. Ndiyo maana nilisema tushike lile jambo: Swema alipendwa kabla hajaumizwa, akapendwa tena baada ya kuumizwa.

Sisi tufanye nini?

Wengi wetu bado hatuna watoto. Lakini tuna wadogo zetu, tunafundisha Utoto Mtakatifu, tunasimamia kwaya ya watoto, tuna wanafunzi wa tuisheni. Nina mambo manne.

Kwanza, kuwa mtu mmoja wa mtoto mmoja. Usijipe kazi ya kuokoa kata nzima. Chagua yule mdogo ambaye unaona amepungua kucheka, mjue jina, ujue anakaa na nani, na uwepo kila Jumapili. Mtoto anajengwa na mtu anayerudi.

Pili, sikiliza kama yule kijana wa makaburini. Sauti ya mtoto anayeumia huwa ni ndogo. Inakuja kama utoro, kukojoa kitandani, hasira, au ukimya wa ghafla. Usimwite mtundu kabla hujafukua.

Tatu, mpe kazi inayomwezekana na umsifie akiimaliza. Masista hawakumweka Swema kama yai. Alijifunza, alishika kazi, alihudumia wagonjwa. Mtoto anapoona kwamba mikono yake inamsaidia mtu mwingine, anajiona tena kuwa mtu. Methali yetu inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa kumwamini, naye atajiamini.

Nne, linda kwanza, hubiri baadaye. Ukijua mtoto anapigwa, anabakwa, ameozeshwa, au amechukuliwa kijijini kwa ahadi ya shule akaishia kufanyishwa kazi bila malipo, usimalizie kwenye sala peke yake. Piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Mwambie paroko. Deni la magunia ya nafaka lilitosha kumpeleka Swema Kilwa. Leo nako kuna mabinti wanaotolewa kwa sababu ya madeni na umaskini wa nyumbani, ila hatuiti utumwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwezi Juni 1873, kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash. Kanisa nalo limeweka tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josefina Bakhita, msichana mwingine aliyetekwa utotoni, huko Sudan, kuwa siku ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Tangu 2015 inaadhimishwa dunia nzima. Siku hiyo ikifika, mkimwomba Bakhita atuombee, mkumbukeni na Swema. Na mkumbukeni mama yake, ambaye jina lake hakuna kitabu cha misa kitakalolitaja, na ambaye mimi sina shaka Mungu alimwinua pale alipoachwa.

Maswali ya tafakari

1. Nilipokuwa mdogo, nani alikuwa mtu wangu wa kunirudia kila siku? Je, nimewahi kumshukuru?
2. Ni mtoto gani karibu yangu ambaye sauti yake nimekuwa nikiisikia na kupita?
3. Kuna mahali kwenye Baba Yetu ambapo na mimi hukwama? Nimemwambia Yesu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliwekwa kaburini na Baba akakuinua. Waangalie watoto waliofukiwa na madeni, vipigo na upweke. Utupe masikio ya kuwasikia, mikono ya kuwatoa, na subira ya kukaa nao mpaka wapone. Uwape pumziko wote waliopita njia ya Kilwa na hawakurudi kwao. Na sisi tuliopendwa, utufanye tupende. Amina.

Jumapili njema, na tuombeane.